Upenu wa mama, upande wa machweo

Ukindu, jani la kusukia mikeka, ulikatika mkononi mwa mama mara ya tatu, akauweka chini ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, akaniambia: "Mwanangu, humu si pahala pa kusukia." Ilikuwa Januari 2023, saa nane mchana, kaskazi, upepo wa kaskazini, imekolea, nasi tumekaa ndani ya chumba cha vioo ambacho kilikuwa hakijatimiza hata miezi miwili.

Aliyekulia katika nyumba ya wasukaji ataelewa. Ukindu husukwa ukiwa na unyevu. Mama huweka bakuli la maji pembeni, huchovya vidole viwili, hupitisha juu ya jani, ndipo analipinda. Jani likishakauka halipindiki, huvunjika palepale penye kunjo, na ukili wenye mavunjiko mkeka wake haudumu. Siku ile alikuwa akichovya, akipinda, na kabla hajarudi upande wa pili jani limeshakuwa gumu. Maji yenyewe bakulini yalikuwa vuguvugu.

Chumba kile nilikijenga kwa ajili yake. Baba alipofariki mama alihamia kwangu Bububu, Unguja, na nyumba yangu ina giza. Tuliijenga mwaka 2011 kwa ramani ile ya kila mtu: korido katikati, vyumba huku na huku, madirisha ya vioo vya kuteleza. Ukumbini tunawasha taa saa nne asubuhi. Mtu mwenye macho ya miaka 81 hawezi kuhesabu majani ya ukili kwa taa ya dari, na mama asiposuka hawi mtu wa furaha. Akawa anabeba kijamvi chake anakaa mlango wa nyuma, nusu ndani nusu nje, kila anayepita anamwambia samahani. Nikasema nitamwongezea chumba upande wa magharibi, unaotazama bahari, chenye mwanga mwingi.

Mdogo wangu anaishi Leicester, Uingereza. Nilipomweleza aliniletea picha za chumba cha nyuma cha nyumba yake: kuta za vioo, paa la vioo, viti vya henzerani, maua ya chungu pembeni. Akasema atatoa nusu ya fedha. Nampenda kwa hilo mpaka leo, maana alitaka mama yake akae mahali pazuri kama anapokaa yeye. Ila sote wawili hatukujiuliza kile chumba kilizuliwa kwa ajili ya nini. Leicester mwezi wa Disemba jua la adhuhuri linapanda nyuzi kama 14 tu kutoka upeo wa macho, na urefu wa mchana wote haufiki masaa manane. Kule watu wanalitafuta jua. Wazungu wa zamani walianza kujenga nyumba za vioo ili michungwa na midimu isife kwa baridi. Mwanga wa jua unapita kwenye kioo, unapiga sakafu, sakafu inapata moto, na joto linalotoka sakafuni halipati njia ya kurudi nje kwa urahisi. Hewa nayo imefungiwa. Kwao ni neema hiyo. Sisi midimu yetu iko nje uwani na inazaa.

Chetu hakikuwa na paa la kioo, tuliezeka bati. Lakini pande tatu zote zilikuwa vioo kutoka futi 3 kwenda juu, fremu za alumini, na upande mpana kuliko zote ndio unaotazama machweo. Kuanzia saa tisa jua linaingia bila ya kubisha hodi mpaka linapozama. Madirisha ya kuteleza, nalo hili watu hawalifikirii wanapoagiza, hufunguka nusu tu. Ukilipia dirisha la futi 6 unapata upepo wa futi 3, nusu nyingine ni kioo juu ya kioo.

Na kulikuwa na jambo la sitara. Mchana kioo kinaakisi, huonekani sana. Ikifika Magharibi ukiwasha taa, aliyeko njiani anamwona mama anavyotandika msala wake. Wiki ya pili mama alikwishatundika kanga kila upande. Ukawa sasa ni ukumbi usio na mwanga, usio na upepo, na joto limo ndani. Mama hakulalamika hata siku moja mpaka siku ile ukindu ulipokatika.

Nilisikia uchungu sana, na uchungu wenyewe ulikuwa na sababu mbili. Nimefundisha jografia miaka 31. Na nilikuwa nimekwisha kufundishwa somo hili kwa vitendo. Giza la miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme, sisi tulikuwa tumepanga kwenye nyumba mpya yenye madirisha madogo, feni hazizunguki, watoto wanalia usiku. Tulikuwa tukichukua mashuka tukenda kulala kwa bibi, Malindi, ndani ya Mji Mkongwe. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, dari refu la boriti, chumba chembamba maana boriti za mikoko haziendi mbali, na uwanja mdogo katikati unaovuta hewa. Tulilala. Na mwaka mmoja baadaye nikajenga nyumba yangu kama kwamba sikuwahi kulala pale.

Basi mara hii nikasema sitaita fundi kwanza. Vioo vikatolewa Februari, fremu nikamuuzia mtu anayejenga duka, ikabaki sakafu, nguzo nne na paa. Nikawapa mwaka mzima jua na upepo waniambie wenyewe.

Jua nililipima kwa ufito. Nilichomeka uwani ufito wa futi 4, umesimama wima kwa timazi, nikawa natia alama ya kivuli adhuhuri na Alasiri, mara moja kila wiki. Kwetu sisi jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo adhuhuri ufito hauna kivuli kabisa. Juni jua liko upande wa kibla, ambao Unguja ni kaskazini hasa, na Disemba liko upande wa kusini. Lakini katika miezi yote hiyo adhuhuri linakaa juu, halishuki chini ya nyuzi 60. Maana yake kuta za kaskazini na kusini hulindwa na upenu mfupi tu. Hatari iko mashariki na magharibi.

Na hapa sala ilinifundisha hesabu. Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli cha adhuhuri kama kipo. Kwa hiyo siku za Machi na Oktoba, anapoadhini Alasiri, ufito wangu wa futi 4 ulikuwa na kivuli cha futi 4 kamili. Tafsiri yake kwa mjenzi: paa likitokeza futi 4 nje ya ukuta wa magharibi, wakati wa Alasiri litafunika futi 4 za juu za ukuta na hapo limekwisha. Dari langu liko futi 9. Futi 5 za chini, mahali anapokaa mtu, zimo juani, na bado yamesalia kama masaa matatu jua linazidi kushuka na kuingia ndani. Hakuna urefu wa paa utakaolizuia jua la machweo. Linataka ukuta. Ukuta unaopumua, lakini ukuta.

Upepo niliupima kwa chetezo cha udi. Nilitundika majamvi na mikeka mikuukuu kwenye kamba baina ya nguzo, yawe ndio kuta, halafu nikaweka chetezo sakafuni katikati nikautizama moshi. Ilikuwa Julai, kusi, upepo wa kusini, limeshika. Nilipoacha wazi upande wa kusini peke yake, moshi uliinama kidogo, ukapanda, ukaning'inia chini ya bati kama kwenye chumba cha maiti. Nikaliinua jamvi la kaskazini futi moja tu kutoka chini. Moshi ukalala, ukatambaa sakafuni kama kamba, ukapita chini ya jamvi ukatoka nje. Mama alikuwa amekaa palepale, akainua kichwa akasema, "Ehe." Upepo hauingii pahala ambapo hauna pa kutokea. Nikarudia Disemba kaskazi lilipoingia, na kila kitu kikawa kinyume: unaingilia upande wa kibla na unatokea kusini. Kumbe pande mbili za upepo ni zilezile mwaka mzima, unabadilika mlango wa kuingilia na wa kutokea tu.

Kutokana na moshi ule nikaona kitu ambacho nisingekiona kwenye ramani. Moshi ulipokuwa unapita futi 3 juu ya sakafu, mama haumfikii. Mama hakai kwenye kiti. Anakaa chini, kwenye jamvi, miguu kainyosha, na kifua chake kiko futi moja na nusu kutoka sakafuni. Mafundi wetu wote huanzia dirisha futi 3, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa, kwa watu wa viti. Wazee wetu wanakaa chini, wageni wa arusi na wa matanga wanakaa chini, watoto wanasoma juzuu chini, na upepo tumeupitisha juu ya vichwa vyao.

Kati ya miezi hiyo nilikuwa nikipita Mtoni, si mbali na kwetu, nikiona magofu ya kasri la Seyyid Said, nikikumbuka kwamba mbele ya kasri lile, juu ya bahari kabisa, palikuwa na baraza kubwa la mviringo la mbao waliloliita benjile. Sultani alikuwa akikaa pale akinywa kahawa na kuzitizama meli zake. Mtu aliyeweza kuagiza chochote kutoka popote alichagua kivuli na uwazi. Nilimwandikia mdogo wangu habari hiyo pamoja na picha za ufito na alama zangu. Alikaa kimya siku mbili, kisha akajibu: "Dada, jenga unavyoona. Fedha zangu ziko palepale." Na akaongeza kwamba hata wao, siku za joto za Julai, chumba kile hawakikai.

Barua ya sheha, kiongozi wa mtaa, na kibali nilikuwa nacho cha mwanzo, nikarudi kueleza mabadiliko. Nikabisha hodi pia kwa jirani wa upande wa kibla, maana paa lilikuwa linarefushwa na sikutaka maji yangu yaangukie kwake. Huo ni ugomvi ninaoujua, unadumu kuliko nyumba.

Fundi niliyempata ni mzee wa makamo, mwashi, mtu wa pima maji na uzi. Tulianza Januari 2024. Jambo la kwanza alilotaka ni kuukata mshelisheli ulio pembeni, magharibi-kusini, eti majani yatajaa kwenye mfereji wa paa. Nikamwambia, "Fundi, mti huu unafanya kazi ya saa kumi jioni ambayo wewe na mimi hatuiwezi." Mshelisheli umebaki. Majani tunayaokota.

Ukuta wa magharibi ni matofali ya maua, yale yenye matundu, kuanzia futi moja na nusu mpaka juu. Hatukuyanunua, tuliyamwaga wenyewe hapo uwani kwa kalibu ya mbao, kwa sababu nilitaka tundu lake liinamie nje. Ukiitizama kalibu kwa ubavu, kile kipande cha kati hakilali bapa, kimeteremka kama kidole kimoja kutoka ndani kwenda nje. Mvua ikipiga inarudi ilikotoka. Fundi alidhani nataka nakshi, nilipomwagia kikombe cha maji kwenye tofali la kwanza na yakamtiririkia miguuni akacheka, akasema, "Mwalimu, sasa nimekufahamu." Kila tofali lilikaa chini ya magunia mabichi siku saba, mimi na wajukuu tunayanyeshea asubuhi na jioni. Zege la kukaushwa haraka juani huwa chapwa, na tofali lenye matundu halina nyama ya kupoteza.

Mchanga pia niliusimamia. Nilikataa wa pwani kabisa, kwa heshima ya pwani yenyewe na kwa ajili ya nondo: chumvi huila nondo ndani ya zege, inavimba, zege linapasuka. Lipu yenye chumvi hutoa jasho jeupe kila masika halafu inabanduka. Bububu tuna upepo wa bahari, chumvi ya hewani inatosha.

Upande wa kusini na wa kaskazini ni wazi, kuanzia futi moja na nusu mpaka kwenye mbao za paa, fremu za mbao na wavu wa mbu. Kwa nje kuna milango ya mbao ya mabapa, ya kukunja, tunayoifunga siku za mvua ya upepo. Bati ni jeupe. Chini yake dari la mbao, na baina ya bati na dari pameachwa nafasi ya shubiri moja, wazi pande mbili, ina wavu wa kuzuia popo. Joto la bati linapita mlemle na kutoka. Paa linatokeza futi 4 magharibi na futi 2 kusini na kaskazini.

Kosa moja lilitokea, na nalieleza kwa sababu ndilo linalowapata wengi wanaoongeza chumba. Paa jipya linapokutana na ukuta wa zamani, kijana aliyepaka pale alisiriba kwa saruji. Bati huvimba juani na kunywea usiku, saruji haifuati. Masika ilipoanza, mvua ya pili tu, maji yakashuka kwenye ukuta wa ukumbini kama pazia, yakafika kwenye kabati la vitabu. Fundi mwenyewe alirudi bila ya kuitwa mara mbili. Alichonga mfereji ukutani kwa patasi, kina cha inchi moja, mstari mzima futi 14, akauchomeka ndani yake mkanda wa bati uliokunjwa, ukashuka juu ya paa kama kilemba kinavyoshuka bila kushonewa. Bati linacheza chini yake, maji yanapita juu. Msingi vilevile hatukuufunga na wa nyumba: nyumba imekwisha kutulia miaka 12, nyongeza bado inatafuta makao yake, ukizifunga pamoja moja itaipasua nyingine. Tuliacha ufa mwembamba wa makusudi na kuufunika kwa ubao.

Masika ileile ndiyo iliyonilipa. Paa lina zaidi ya mita za mraba 25, na kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 40, ambayo kwa masika ni ya kawaida, inanijazia tangi la lita 1,000. Mama hutumia maji hayo kulowekea ukindu. Anasema ni laini kuliko ya kisima.

Mimea niliyoiweka ni mitatu tu. Mwasumini unaopanda kwenye kona ya kusini, ili kusi lipite hapo kwanza, mrehani kwenye vyungu, na mchaichai chini ya bomba la tangi. Sikutaka kujaza, maana kila chungu mbele ya wavu kinazuia upepo.

Mwanga wa mle ndani siwezi kuueleza vizuri. Si mkali. Alasiri matofali ya maua hutupa sakafuni madoa ya jua, na kila siku madoa yako mahali tofauti kidogo na jana. Kwa nje, hata taa zikiwaka, huoni ila ukuta wa nakshi. Kwa ndani unaona bahari yote vipandevipande, na mama ana tundu lake moja ambalo huchungulia ngalawa zinazotoka. Anajua nani kachelewa.

Mdogo wangu alikuja Julai, likizo, na watoto. Aliingia, akavua viatu, akakaa chini palepale kwenye jamvi la mama, akasikia kusi linampita kifuani. Hakusema kitu. Akamwekea mama kichwa mapajani, mtu wa miaka 50, akalala mpaka adhana ya Magharibi, na mama akaendelea kusuka juu yake kwa uangalifu asije akamwangushia maji.

Wiki iliyopita kaskazi limeanza. Jana asubuhi nilimkuta mama amekwisha kulivuta jamvi lake mwenyewe kutoka upande wa kusini mpaka upande wa kibla, na bakuli lake, na kifurushi cha ukindu. Amebakisha pima tatu za ukili. Ananiambia mkeka huu ni wa mlemle upenuni, kwa hiyo nimpimie sakafu, asiufanye mfupi.